Usimlaumu Mtoto, Pima Kichakataji

Katika bidhaa zote wanazouziwa walimu na wazazi wa nchi hii, sidhani kuna inayonunuliwa kwa upofu kama kishikwambi. Anayenunua ng'ombe humfungua kinywa akamtazama meno. Anayenunua mashua huzigonga mbao zake akasikiliza mlio. Anayenunua kishikwambi husoma maandishi ya kasha, akaona "viini vinane" na "gigahezi mbili", akaridhika, akalipa. Siku kifaa kinapoanza kujikokota, lawama humwangukia mwalimu kwamba hajui kukitumia, au mtoto kwamba amekichezea.

Mimi ni mtu wa isimu, si mhandisi, na msomaji ana haki ya kuniuliza nimefuata nini katika uwanja usio wangu. Jibu ni kwamba nililetwa huku na lugha. Mwezi Februari 2025 nilikwenda Kipevu, ile sehemu ya Changamwe inayotazamana na bandari ya Kilindini, kumkagua mwanafunzi wangu aliyekuwa katika mazoezi ya ualimu. Shule nitaihifadhi jina. Darasa lilikuwa la Gredi ya Nne, kipindi cha Kiswahili cha dakika 35, baada ya chakula cha mchana, chini ya paa la mabati. Wazazi walikuwa wamechanga wakanunua vishikwambi ishirini, kila kimoja kimevishwa jaketi nene la mpira ili kisivunjike kikianguka. Zoezi lilikuwa la imla: programu hutamka neno, mtoto huliandika kwa kugusa herufi kiooni, na programu humpa alama kwa usahihi na kwa muda aliotumia.

Dakika kumi za mwanzo mambo yalikwenda vyema. Ilipokaribia dakika ya ishirini na tano, herufi zilianza kuchelewa. Mtoto hugusa "ch", akaona kioo kimya, akagusa tena. Kisha herufi zote zikaja kwa pamoja kama abiria wanaoshuka feri ya Likoni. Neno "chakula" likawa "chchaakula". Programu ikaweka mkwaju mwekundu. Mwanafunzi wangu, ambaye kwa kweli ni mwalimu mpole, alimwinamia binti mmoja akamwuliza kwa nini leo anakosea maneno anayoyajua. Binti akamjibu bila hofu: "Mwalimu, mimi nishaandika. Hichi ndicho hakijaandika."

Sijapata kusikia ufafanuzi bora zaidi wa kasoro ya kichakataji.

Nalitumia neno hilo, kichakataji, kwa makusudi, na naomba ruhusa ya kulisemea kidogo kabla ya kuendelea. Kuchakata ni kuitia mali ghafi kazini hata ikatoka na umbo jingine, kama afanyiwavyo mkonge. Kile kipande cha silikoni kilichomo ndani ya kishikwambi, kisichozidi ukubwa wa ukucha, hupokea tarakimu zikiwa ghafi na kuzitoa zikiwa herufi, picha au sauti. Neno limeundwa vizuri, kwa kiambishi ki- cha ala na -ji cha mtendaji. Ama "kishikwambi" wapo wanaolikejeli, hasa huku kwetu Kenya ambako wengi husema "tableti", lakini Tanzania limekwisha kukita mizizi, na walimu wa huko huwaambii kitu. Kifaa kilichotumika kuhesabu watu katika sensa ya Agosti 2022 kiliitwa hivyo, na sensa ilipokwisha vikagawiwa walimu kwa jina hilohilo.

Sasa tuingie ndani ya kifaa chenyewe. Kichakataji ni mkusanyiko wa swichi ndogo mno ziitwazo transista, na katika vifaa vya leo hesabu yake ni ya mabilioni. Kila swichi inapofunguka au kufungika hutumia chembe ya umeme, na chembe hiyo haipotei, hugeuka kuwa joto. Mkazi wa Kipevu hahitaji kufundishwa jambo hili na mtu wa mbali. Kituo cha tatu cha umeme cha Kipevu, kilichoanza kazi mwaka 2011, kina uwezo wa megawati 120, na injini zake huchoma mafuta mazito. Injini ya aina hiyo, hata iwe bora vipi, huigeuza chini ya nusu ya nguvu ya mafuta kuwa umeme. Iliyobaki huwa joto, na ndiyo maana kituo kimejaa mitambo ya kupoza. Kichakataji kimezidi hapo. Umeme wote unaokiingia, hadi wati ya mwisho, huishia kuwa joto, kwa kuwa kazi yake ni hesabu, na hesabu haina uzito wala mwendo wa kubeba nguvu hiyo kwenda kwingine.

Kompyuta ya mezani ina feni ya kulitoa joto hilo. Kishikwambi hakina. Kina ganda lake tu, na hewa iliyokizunguka. Wati tatu au nne ni kidogo, pungufu ya balbu ya chumbani, lakini zikifungiwa ndani ya kisanduku chembamba, kisanduku kikavishwa jaketi la mpira, na jaketi likawekwa chini ya mabati mwezi wa Februari ambapo nje kwenyewe kivulini joto la Mombasa hufika nyuzi 32, hazina pa kwenda. Apple, watengenezaji wa iPad, huandika wazi kwamba kifaa chao kimekusudiwa mazingira yasiyozidi nyuzi 35. Chini ya mabati yetu kiwango hicho hupitwa mchana kweupe, na hapo nasema kifaa cha bei kubwa, sembuse cha bei ya mchango wa wazazi.

Kikipata moto, kichakataji hujihami. Ndani yake mna vipimajoto, navyo vikivuka mpaka uliowekwa, hupunguza mapigo. Mapigo ndiyo yale yanayohesabiwa kwa gigahezi: gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa sekunde, na kwa kila pigo kazi husogea hatua. Kifaa kilichoandikwa gigahezi mbili huweza kushuka hadi moja, au chini yake, bila kumwambia mtu. Hakizimi wala hakitoi onyo. Kinapunguza mwendo tu, kama punda wa Lamu aliyepandishwa mchanga saa saba mchana. Upunguzaji huu si ubovu bali ni busara ya wasanifu, kwani bila huo ganda lingemchoma mtoto mikono na betri ingeharibika kabla ya wakati wake. Ila basi namba iliyoandikwa kwenye kasha ni mwendo wa dakika za mwanzo, chumbani penye baridi. Wazazi wanainunua wakidhani ni mwendo wa kipindi kizima.

Ni kwa nini wasanifu wasitengeneze kichakataji cha kasi kisichopata moto? Wamejaribu, na kwa kiasi kikubwa wamefaulu. Mwaka 1985, mjini Cambridge, Uingereza, kampuni ndogo ya Acorn ilikuwa na kichakataji kipya kilichosanifiwa na Sophie Wilson na Steve Furber. Walitaka kiwe cha bei nafuu, na ili kiwe nafuu kilipaswa kufungwa ndani ya plastiki badala ya kauri, na plastiki haivumilii joto. Kwa hiyo walijibana kwelikweli. Kichakataji chao kilikuwa na transista 25,000 hivi, idadi ya kuchekesha kwa viwango vya leo. Inasimuliwa kwamba Furber alipotaka kupima umeme kinaotumia, kipimo kilisoma sifuri. Alipochunguza akagundua kwamba waya wa umeme haukuwa umeunganishwa. Kichakataji kilikuwa kikifanya kazi kwa umeme uliopenya kupitia nyaya za ishara peke yake. Kizazi cha chombo hicho, kiitwacho ARM, ndicho kilichomo leo ndani ya karibu kila simu ya kisasa na vishikwambi vingi sana duniani.

Hapa mtu wa isimu anajikuta nyumbani, maana kiini cha usanifu ule kilikuwa uamuzi wa kilugha. Kila kichakataji kina msamiati wa amri kinachouelewa: jumlisha, linganisha, chukua, weka. Msamiati wa vichakataji vya Intel, vilivyotawala kompyuta za mezani, una amri za urefu tofautitofauti, kuanzia baiti moja hadi 15. Wilson alichagua msamiati mdogo ambao kila amri ilikuwa na urefu uleule, biti 32. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza akipewa neno "walimpikishia" hana budi kulichambua: wa-li-m-pik-ish-i-a, mofimu saba, na kabla hajafika mwisho hana hakika mzizi ni upi na viambishi vinaishia wapi. Akipewa lugha ambayo kila neno ni silabi moja, huhesabu tu. Mashine nayo ni hivyohivyo. Ikijua mapema amri inaanza wapi na kuishia wapi, inahitaji swichi chache za kuchambua, na swichi chache ni joto kidogo. Nisitie chumvi: wahandisi wa leo wamepunguza sana gharama ya uchambuzi huo, na tofauti ya msamiati peke yake haitoshi kueleza kwa nini kifaa hiki ni chepesi na kile ni kizito. Lakini katika vichakataji vya transista elfu chache, uamuzi ule ulikuwa na maana kubwa, nami hufurahi kuwaambia wanafunzi wangu kwamba tekinolojia iliyomo mifukoni mwao ilianza na swali la mofolojia.

Turudi kwenye kasha na viini vyake vinane. Kiini ni kichakataji kamili ndani ya kichakataji, na muuzaji hutaka tuamini kwamba vinane ni mara mbili ya vinne. Mara nyingi si kweli, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba viini havifanani. Vishikwambi vingi vya bei nafuu vimetengenezwa kwa viini vidogo vya jamii ya Cortex-A53, muundo uliotangazwa na ARM mwaka 2012. Ni kiini kizuri, kisichotumia umeme mwingi, lakini hufuata amri kwa mpangilio uleule kilivyozipokea. Mfikirie mpishi wa biriani anayekaanga vitunguu, akasimama juu ya sufuria hadi viive, ndipo aende akaoshe mchele. Kiini kikubwa ni mpishi mwingine: vitunguu vinapoiva yeye anaosha mchele, anakatakata nyama, na jicho moja liko jikoni. Wapishi wanane wa aina ya kwanza hawampiti mmoja wa aina ya pili ikiwa biriani ni sufuria moja. Na hiyo ndiyo sababu ya pili. Kazi nyingi za kishikwambi cha shule ni sufuria moja. Mtoto amegusa herufi. Mashine itambue mguso, itafute herufi, iichore, icheze sauti. Kila hatua hungoja iliyotangulia. Gene Amdahl alilieleza jambo hili tangu mwaka 1967: sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoweka mpaka wa kasi, uongeze vibarua wangapi. Wasanifu wenye busara, tangu mwaka 2011, wamekuwa wakichanganya viini vikubwa vichache na vidogo kadhaa katika kipande kimoja, vikubwa vya kazi ya ghafla, vidogo vya kazi ya polepole isiyokula betri. Lakini kasha huandika jumla yake tu.

Hata ukipata viini bora, kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji kabisa, na kwa maoni yangu ndilo linaloviua vishikwambi vya shule kuliko jingine lolote, ukiliacha joto. Kulieleza, sina mfano unaozidi Kipevu yenyewe. Kituo cha pili cha makontena kilipofunguliwa hapo mwaka 2016, bandari ilipata gati jipya na winchi kubwa za kushusha shehena. Winchi hushusha kontena kwa dakika chache. Lakini kontena likishushwa liwekwe wapi, na lichukuliwe na nani? Uwanja wa pale gatini ukijaa, na malori yakikwama katika barabara ya Changamwe, winchi husimama, iwe na nguvu za namna gani. Ndani ya kishikwambi, viini ndizo winchi. Ule uwanja mdogo ulio jirani nazo ni kumbukumbu ya karibu kabisa, iliyomo ndani ya kichakataji chenyewe, yenye kasi kubwa lakini finyu. Bohari za nje ya lango ni kumbukumbu kuu, ile ya gigabaiti mbili au tatu. Na kule mbali, kama bohari ya Embakasi unapofikia kwa reli, ni hifadhi ya kudumu ambamo programu na masomo hukaa.

Kishikwambi cha bei nafuu huwa na kumbukumbu kuu ndogo na hifadhi ya kudumu yenye njia nyembamba. Programu ya imla ikiwa imefunguliwa, na nyuma yake mfumo unajisasisha, na mtoto alifungua kamera akasahau kuifunga, bohari hujaa. Mashine huanza kutoa vitu na kuvirudisha mbali, kisha kuvitafuta tena. Kichakataji huwa kimesimama mikono mitupu, kikingoja lori. Anayekitazama kwa nje husema kichakataji hiki ni kizito, kumbe kosa ni la barabara.

Siku ile Kipevu, mwanafunzi wangu na mimi tulivivua majaketi vishikwambi vitatu, tukavilaza dirishani penye upepo wa bahari, tukazifunga programu zote zilizokuwa zimeachwa wazi. Baada ya robo saa vikarudi kuandika herufi papo kwa papo. Yule binti akarudia maneno yake kumi, akayapata tisa. La kumi, "mng'ao", aliliandika "munga'o", na hilo lilikuwa kosa lake halali.

Hebu tulitazame jambo hili kwa uzito wake. Mwaka 2013 ahadi ya kompyuta kwa kila mtoto wa darasa la kwanza ilikuwa katika kampeni za uchaguzi. Kuanzia mwaka 2016, baada ya majaribio katika shule 150, serikali iligawa vifaa zaidi ya milioni moja katika shule za msingi za umma zaidi ya elfu 20, vilivyounganishwa na Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Jomo Kenyatta kwa ushirikiano na kampuni za kigeni. Mjadala wa miaka hiyo, nao ulikuwa mkali, ulikuwa juu ya bei, wizi, umeme usiofika vijijini, na walimu wasiopewa mafunzo. Yote yalikuwa masuala ya haki. Lakini sikumbuki kusikia mtu akiuliza kifaa kitatenda nini dakika ya 30 ya kipindi, Mombasa, Februari. Leo shule zinajinunulia zenyewe, kwa michango, na swali hilo bado haliulizwi.

Linapaswa kuulizwa kwa sababu vifaa vimeacha kuwa daftari na vimekuwa watahini. Programu za kusoma hupima maneno mangapi mtoto amesoma kwa dakika. Za imla hupima sekunde baina ya sauti na herufi. Takwimu hizo huingia katika rekodi ya mtoto, mwalimu huzitumia kumweka katika kundi la "wanaohitaji msaada", na mzazi huitwa shule. Mtoto wa chumba chenye feni na kifaa cha bei kubwa, na mtoto wa mabati ya Kipevu, hupimwa kwa saa moja, ingawa saa ya huyu wa pili ina mawe ndani yake. Sisi wa isimu tumetumia miaka mingi kuwathibitishia watu kwamba mtoto anayesema lahaja ya kwao hana upungufu wa akili. Nisingependa tuanze upya kazi hiyohiyo kwa ajili ya wasilikoni.

Kwa hiyo mwalimu mkuu na kamati ya wazazi wakiletewa kishikwambi cha mfano, wasiridhike na dakika tano za muuzaji ofisini. Wakipeleke darasani baada ya chakula cha mchana, kikiwa ndani ya jaketi lake, wafungue programu watakayoitumia, wampe mtoto aandike kwa dakika 35, na wayatazame maandishi ya dakika tano za mwisho. Wamwulize muuzaji ni viini vya jamii gani, si vingapi tu. Na kama pesa zinatosha kitu kimoja, wachague gigabaiti nne za kumbukumbu kuu badala ya mbili, hata kama viini vitapungua. Jaketi nalo liwe la aina iliyo wazi mgongoni.

Na wale wanaotunga programu za kufundishia Kiswahili, ambao baadhi yao ni wanafunzi wetu wa zamani, wana wajibu mmoja ambao hauhitaji hata senti ya kununua kichakataji kipya. Mashine yenyewe inajua ni wakati gani kidole kilipogusa kioo, na inajua ni wakati gani herufi ilipochorwa. Tofauti ya nyakati hizo mbili ni ya mashine. Iandikwe katika safu yake, pembeni ya muda wa mtoto, na ikizidi kiasi, programu isimamishe kutoa alama na kumwambia mwalimu kwamba kifaa kimepata moto.